Mlima ulio chini kuliko Nairobi, lakini baridi yake haina mzaha

WAHENGA walinena kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Hata hivyo, waliotunga methali hiyo hawakuwa na haja ya kufikiria msitu uliofunikwa na theluji ya kufika kiunoni, ambako jua hutua saa kumi alasiri na upepo hufuta nyayo kabla ya mwenyewe kugeuka kuzitazama.

Katika mazingira ya aina hiyo, anayepotea njia huenda asipate fursa ya kuijua.

Hii ndiyo sababu kila majira ya baridi, katika milima ya Adirondack iliyoko kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani, wageni wengi huamua kutembea nyuma ya mwelekezi badala ya kujitosa porini peke yao. Hufunga viatu vipana vya theluji miguuni, wakabeba chai ya moto na nguo za akiba, kisha wakaingia msituni kwa mstari mmoja.

Kwa mtazamo wa Mkenya, milima hiyo si mirefu hata kidogo. Kilele cha juu zaidi, Mlima Marcy, kina mita 1,629 kutoka usawa wa bahari. Jiji la Nairobi limejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Kwa maneno mengine, mchuuzi aliyeketi na mboga zake katika soko la Wakulima yuko juu kuliko mtu aliyesimama kwenye kilele cha Marcy.

Mlima Kenya wenyewe, ukiwa na mita 5,199, ni zaidi ya mara tatu ya Marcy.

Lakini baridi haipimwi kwa urefu wa mlima pekee. Milima ya Adirondack iko karibu na nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta. Huko, kuanzia Desemba hadi Machi, jua hupita chini angani na miale yake hufika ardhini kwa mshazari, ikiwa imepungukiwa na nguvu. Juu ya hayo, hakuna kizuizi kikubwa cha kuzuia hewa baridi inayoshuka kutoka Kanada na maeneo ya Aktiki.

Mnamo Februari 18, 1979, kipimajoto katika kijiji cha Old Forge, kilicho ndani ya eneo hilo la milima, kilionyesha takriban nyuzi 47 za Selsiasi chini ya sufuri. Hiyo ni miongoni mwa baridi kali zaidi kuwahi kunakiliwa katika jimbo zima la New York.

Saa tisa tu za mwanga

Tofauti nyingine inayomshangaza mtu aliyezaliwa karibu na ikweta ni urefu wa mchana. Nchini Kenya, jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na mtu anaweza kupanga safari yake bila kutazama kalenda.

Katika mji wa Lake Placid, ulio katikati ya milima ya Adirondack na ambao uliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mnamo 1932 na 1980, mambo ni tofauti. Mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kutua yapata saa kumi na robo alasiri. Mchana wote hauzidi saa tisa.

Safari ya kwenda Marcy na kurudi kutoka mwanzo wa njia inayotumiwa na wengi, karibu na ziwa la Heart Lake, ni takriban kilomita 24. Wakati wa kiangazi, mtembeaji mwenye afya huikamilisha kabla ya giza. Wakati wa theluji, mwendo hupungua sana, na hesabu ya saa ndiyo huamua iwapo kundi litafika kileleni au la.

Ndiyo maana matembezi mengi ya kuongozwa, hasa ya wanaoanza, hayaelekei Marcy kamwe. Huzunguka kando ya maziwa yaliyoganda, hupita kwenye njia tambarare za msituni, au hupanda vilima vidogo kama Mount Jo, wenye urefu wa takriban mita 875, ambao mgeni anaweza kuupanda na kushuka katika nusu ya siku.

Pori lililolindwa na katiba

Eneo la Hifadhi ya Adirondack lilitengwa rasmi mnamo 1892. Lina ukubwa wa takriban hekta milioni 2.4, na ndani yake kuna ardhi ya umma na ardhi ya watu binafsi, pamoja na miji na vijiji.

Mnamo 1894, wajumbe wa kongamano la katiba la jimbo la New York walipitisha kifungu kinachoagiza kwamba misitu ya umma katika hifadhi hiyo idumu milele ikiwa pori. Miti yake haiuzwi wala haikatwi kwa biashara. Mmoja wa waliovutiwa na kifungu hicho alikuwa Howard Zahniser, aliyekuwa na nyumba ndogo katika milima hiyo na ambaye baadaye aliandika rasimu ya Sheria ya Maeneo ya Pori ya Marekani ya mwaka 1964.

Kwa mtembeaji, maana ya sheria hizo ni moja: ndani ya eneo la vilele virefu hakuna barabara, hakuna magari, hakuna vibanda vya kuuzia chai wala taa. Mtu akivunjika mguu kilomita kumi kutoka barabarani, msaada unaweza kuchukua saa nyingi kumfikia, na mara nyingi huja kwa miguu.

Kazi ya waelekezi katika milima hiyo ni kongwe. Baada ya mwandishi na mhubiri William H. H. Murray kuchapisha kitabu kuhusu pori hilo mnamo 1869, watu wa mijini walimiminika huko kwa wingi, wengi wao wakiwa hawajui lolote kuhusu msitu. Wenyeji waliojua njia, mito na tabia za wanyama wakapata riziki ya kuwaongoza.

Mwelekezi mmoja wa huko aliingia katika historia ya taifa lake. Mnamo Septemba 13, 1901, Theodore Roosevelt, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa amepumzika chini ya kilele cha Marcy wakati mwelekezi Harrison Hall alipompandia mlimani akiwa na ujumbe kwamba hali ya Rais William McKinley, aliyepigwa risasi siku chache zilizotangulia, ilikuwa imezorota. McKinley aliaga dunia alfajiri iliyofuata na Roosevelt akawa rais.

Ndiye Roosevelt yule aliyeshuka Mombasa mnamo 1909 kwa safari yake mashuhuri ya uwindaji, akiongozwa tena na watu waliolijua pori kuliko yeye.

Siku hizi, mtu yeyote anayelipwa kuwaongoza watembeaji katika misitu ya New York hutakiwa kuwa na leseni ya Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo hilo. Lazima awe ametimiza umri wa miaka 18, afaulu mtihani na awe na cheti cha huduma ya kwanza. Mbali na hao, kuna vyama vya wapenda milima, kama vile Adirondack Mountain Club kilichoanzishwa mnamo 1922, ambavyo wanachama wake huongoza matembezi kwa kujitolea.

Siri ya wayo wa ngamia

Chombo muhimu katika matembezi haya ni kiatu cha theluji. Kwa kweli si kiatu bali ni fremu pana inayofungwa chini ya buti la kawaida.

Mfugaji wa Garissa au Turkana hahitaji maelezo marefu kuhusu siri yake. Ngamia hupita kwenye mchanga ambamo punda huzama kwa sababu wayo wa ngamia ni mpana na husambaza uzito wake. Kiatu cha theluji hufanya kazi iyo hiyo.

Wayo wa buti la mtu mzima una eneo la takriban sentimita mraba 250. Kiatu cha theluji chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 60 kina eneo linalozidi hilo karibu mara nne. Mtu wa kilo 80 ambaye angezama hadi mapajani sasa huzama sentimita chache tu.

Ufundi huu si wa juzi. Wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wamohawk na Waabenaki ambao milima ya Adirondack ilikuwa sehemu ya ardhi zao za kuwinda, walikunja mbao nyembamba kwa mvuke na kuzifuma kwa kamba za ngozi mbichi. Bila viatu hivyo, uwindaji na safari za majira ya baridi zisingewezekana.

Viatu vya leo hutengenezwa kwa alumini na plastiki ngumu. Chini yake huwekwa meno ya chuma ya kung'ata barafu, na vingine vina kipande cha waya kinachoinuliwa chini ya kisigino ili kupunguza uchovu wa misuli wakati wa kupanda mteremko mkali.

Kutembea navyo si jambo gumu. Anayeanza hufunzwa kutanua miguu kidogo ili asijikanyage, kupiga ncha ya kiatu kwenye theluji anapopanda, na kukunja magoti kidogo anaposhuka. Jambo analoonywa mapema ni kutorudi kinyumenyume, kwa kuwa mkia wa kiatu hujichimbia kwenye theluji na kumwangusha. Anayetaka kugeuka huzunguka polepole kama gari refu.

Katika eneo la vilele virefu vya Adirondack, viatu hivi si hiari. Kanuni za jimbo huagiza kwamba theluji inapofikia kina cha inchi 8, yaani takriban sentimita 20, kila mtembeaji avae viatu vya theluji au skii.

Sababu ya kanuni hiyo ni ya kijamii zaidi ya kibinafsi. Mtu anayetembea kwa buti tupu huacha mashimo marefu njiani. Usiku mashimo hayo huganda na kuwa magumu kama saruji, na anayepita kesho yake anaweza kuteguka kifundo au kuvunjika mguu. Uzembe wa mmoja huwa mtego wa mwingine.

Jasho ni adui

Mgeni hudhani kwamba dawa ya baridi ni kuvaa nguo nzito tangu mwanzo. Mwelekezi humwambia kinyume chake: anza safari ukihisi baridi kidogo.

Kutembea kwenye theluji, hasa kwa yule anayetangulia na kufungua njia, ni kazi nzito. Mwili hutoa joto jingi, na aliyevaa makoti matatu huloa jasho kwa dakika chache. Kundi linaposimama kupumzika, jasho hilo hugeuka kuwa maji baridi yaliyogandamana na ngozi, na maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kavu.

Kwa hivyo baada ya dakika 10 au 15 za kwanza, mwelekezi husimamisha kundi na kumtaka kila mmoja apunguze nguo. Wanaposimama kula, huwataka wazivae tena mara moja, kabla ya kuhisi baridi.

Nguo ya pamba, ambayo ni rafiki wa mwili katika joto la Mombasa, hupigwa marufuku kabisa. Pamba hunyonya maji na kukaa nayo, na ikilowa haihifadhi joto. Suruali ya jinzi ni kosa linaloweza kumrudisha mtu nyumbani kabla ya safari kuanza. Sufu au vitambaa vya polyesta ndivyo hutakiwa, kwa kuwa huhifadhi joto hata vikiwa na unyevu.

Upepo nao huongeza makali. Hewa ikiwa na nyuzi 20 chini ya sufuri na upepo ukivuma kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 34 chini ya sufuri katika hewa tulivu. Katika hali hiyo, pua, masikio na vidole vinaweza kuanza kuganda katika muda wa dakika 10 hadi 30.

Hata maji ya kunywa yana kanuni zake. Chupa hubebwa ikiwa imepinduliwa, mdomo ukitazama chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Ikibebwa wima, mdomo huzibwa na barafu, na mwenye kiu hubaki na chupa iliyojaa asiweze kunywa.

Mgonjwa asiyejijua

Hatari kubwa kuliko zote huja kimyakimya. Joto la kawaida la ndani ya mwili ni takriban nyuzi 37. Likishuka chini ya nyuzi 35, viungo na ubongo huanza kushindwa kufanya kazi sawasawa.

Mwanzoni mtu hutetemeka. Kisha hujikwaa, huangusha vitu mikononi na ulimi huwa mzito kama wa mlevi. Baadaye kutetemeka hukoma, naye husema hahisi tena baridi. Asiyejua hudhani amepata nafuu, ilhali hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Wengine, katika hatua za mwisho, huvua nguo zao wakidhani wanaungua.

Ubaya wa hali hii ni kwamba ubongo, ambao ndio ungepaswa kutambua hatari, ndio unaoathirika. Mgonjwa huwa wa mwisho kujua kwamba ni mgonjwa. Aliye peke yake hana wa kumwambia.

Hapa ndipo thamani ya mwelekezi huonekana. Njiani hupiga soga na kila mmoja, si kwa ajili ya uchangamfu pekee, bali kusikiliza iwapo maneno yanatoka sawasawa. Humtaka mtu afunge zipu yake mwenyewe na kutazama kama vidole vinamtii. Huchunguza mashavu na pua za wenzake akitafuta alama nyeupe za ngozi inayoanza kuganda.

Akiona dalili, humwondolea mgonjwa nguo zilizolowa, humvika kavu, humkalisha juu ya godoro jembamba ili asigusane na theluji na kumpa kinywaji cha moto chenye sukari iwapo bado anaweza kumeza vizuri. Ngozi iliyoganda haisuguliwi, na haifai kabisa kuipaka theluji kama ilivyoaminika zamani.

Pombe pia haina nafasi. Imani kwamba tembo au wiski hupasha mwili joto ni ya uongo. Pombe hutanua mishipa ya damu karibu na ngozi, mnywaji akahisi vuguvugu kwa muda, huku joto la ndani likipotea kwa kasi zaidi.

Mitego chini ya weupe

Theluji hufanana kila mahali, lakini chini yake mna mambo tofauti. Kwenye miinuko ya Adirondack huota miti mifupi ya jamii ya misonobari ambayo hufunikwa kabisa wakati wa baridi. Matawi yake huzuia theluji isishuke hadi shinani, na nafasi tupu hubaki chini.

Anayetoka nje ya njia na kukanyaga juu ya mti kama huo hutumbukia ghafla hadi kifuani. Viatu vyake vya theluji hunasa chini ya matawi, na kila anapojaribu kujinasua theluji zaidi humwangukia. Akiwa na wenzake, hutolewa kwa dakika chache. Akiwa peke yake, huweza kupoteza nguvu zake zote humo.

Maziwa yaliyoganda nayo huvutia kwa utambarare wake. Lakini barafu hailingani unene. Karibu na mito inapoingia na kutoka, maji yanayotembea huila barafu kutoka chini, na mwelekezi hupazunguka hata kama njia ni ndefu zaidi.

Kuna pia poromoko la theluji. Watu wengi hulihusisha na milima mirefu ya Ulaya au magharibi mwa Marekani, lakini mnamo Februari 2000 mtelezaji mmoja wa skii aliuawa na poromoko kwenye mlima wa Wright Peak katika Adirondack. Miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45 ndiyo hatari zaidi, hasa baada ya theluji nyingi kuanguka kwa muda mfupi au upepo kuirundika upande mmoja.

Aliyefukiwa huwa na matumaini makubwa ya kuokolewa katika dakika kumi za kwanza. Baada ya hapo, matumaini hayo hupungua kwa kasi. Kwa maana hiyo waokoaji wake wa kweli ni wale alio nao, wakiwa na sepetu na vifaa vya kunasa mawimbi ya redio. Kuita msaada kwa simu si jambo la kutegemea: mabonde mengi hayana mtandao, na betri hufa upesi katika baridi.

Ujasiri wa kugeuka

Vilele 46 vya Adirondack vina mashabiki wao, ambao hujitahidi kuvipanda vyote na kuingizwa katika orodha ya waliofaulu. Kuna hata heshima ya pekee kwa wanaovipanda katika majira ya baridi, kati ya Desemba 21 na Machi 21. Shauku hiyo imewapa wengi afya na marafiki. Imewafanya pia wengine waendelee kupanda wakati ambapo kila ishara iliwataka warudi.

Ili kukata mzizi huo wa fitina, mwelekezi hutangaza saa ya kurudi kabla ya safari kuanza, kila mtu akiwa bado ana joto na akili timamu. Wakikubaliana kwamba ni saa saba mchana, basi saa saba ikifika kundi hugeuka, hata kama kilele kinaonekana na kimebakia mita mia mbili tu.

Kwa aliyelipa pesa zake na kusafiri mbali, uamuzi huo huuma. Baadhi hunung'unika, na wengine huahidi kuongeza malipo. Lakini kushuka huchosha magoti, giza huingia mapema, na ajali nyingi milimani hutokea watu wakiwa tayari wamefika walikokuwa wakienda. Kilele ni nusu ya safari.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mlima hautahama, na aliyerudi salama anaweza kuujaribu tena wiki ijayo.

Mabadiliko ya tabianchi yamezidisha ugumu wa uamuzi huo. Mvua sasa hunyesha hata katikati ya majira ya baridi, ikalowesha theluji ambayo baadaye huganda na kuwa barafu tupu. Siku nyingine viatu vya theluji havifai kitu, na watembeaji hulazimika kufunga meno makali ya chuma chini ya buti zao. Mvua ya nyuzi mbili juu ya sufuri, ikimlowesha mtu hadi ngozini, huweza kuwa hatari kuliko theluji kavu ya nyuzi 15 chini yake.

Hilo ni somo linalowahusu hata wanaopanda milima ya Kenya. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake tangu 1934, lakini kupungua kwa barafu hakujaondoa baridi ya usiku, ukungu wala mvua inayonyesha kwenye Aberdare na nyanda za juu za Kirinyaga. Mwili wa binadamu hupoteza joto kwa kanuni zile zile, awe Lake Placid au Naro Moru. Kwenye Mlima Kenya, huongezeka tatizo la upungufu wa hewa ambalo mpandaji wa Marcy hana.

Kwa Wakenya wanaosoma au kufanya kazi katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na Kanada, matembezi ya kuongozwa ni njia nafuu ya kuyazoea majira ambayo huwafungia wengi ndani ya nyumba kwa miezi. Katika maeneo mengi viatu vya theluji hukodishwa kwa siku, kwa hivyo hakuna haja ya kuvinunua kabla ya kujua kama mchezo wenyewe unampendeza mtu. La muhimu ni kuanza na njia fupi, kumweleza mwelekezi ukweli kuhusu afya yako, na kumwambia mtu aliyebaki mjini saa unayotarajia kurudi.

Katika Adirondack, kwenye mianzo mingi ya njia, kuna sanduku la mbao lenye daftari. Kila kundi huandika jina, idadi ya watu na linakokwenda, kisha huweka alama linaporejea. Mtu asiporudi nyumbani, daftari hilo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo askari wa misitu hutazama ili kujua pa kuanzia msako.

Kwa sababu hiyo, hata kundi likiwa limechoka na vidole vinauma kwa baridi, mwelekezi mzuri huwahesabu watu wake, akafungua sanduku, akatia alama kwenye daftari, ndipo akawaruhusu waingie garini.